Mzinga Nilioujaza Majani Mabichi

Dada yangu alinipa kundi lake la mwisho la nyuki nilihamishie kwenye mzinga niliotengeneza mimi, na mimi nikaliua. Naanza na hilo ili mtu anayesoma asije akadhani huko mbele kuna ujanja. Nimejaribu mara tatu kuliandika jambo hili, na mara zote tatu nilijikuta nimeanza na jua, au na mvua iliyochelewa, kana kwamba mvua ndiyo iliyoshika nyundo.

Mimi ni seremala. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea. Natengeneza madawati, vitanda, milango, na majeneza yanapohitajika, kwenye kibanda kilicho kando ya barabara ya vumbi inayotoka Sumbawanga kwenda upande wa bonde. Kuandika nilianza kwa sababu ya wateja. Mteja hutoa vipimo, kitanda kikiisha anakana vipimo vyake mwenyewe. Basi nikawa naandika vipimo, kisha nikaanza kuandika na maneno yao, na baadaye nikawa naandika hata maneno yasiyohusu mbao. Ndiyo maana naweza kusema nani alisema nini. Lakini daftari nalo halisemi yote, kama nitakavyoeleza.

Shemeji, mume wa dada, alifuga nyuki maisha yake yote. Alikuwa na mizinga ya magogo kwenye kipande cha miombo kilichobaki nyuma ya kijiji chao, pale nchi inapoanza kuvunjika kuelekea bonde la Rukwa. Huku juu kwetu adui wa nyuki alikuwa baridi. Ule upepo wa mwezi wa sita na wa saba unaingia hadi kwenye meno. Kwa hiyo shemeji alitoboa mlango mdogo sana, akaziba kila ufa kwa samadi, akaugeuza mzinga mgongo uelekee upepo unakotoka. Joto lilikuwa shauri la watu wa Ilemba na Milepa kule chini. Tulikuwa tukiwatania kwamba wao wanasonga ugali bila kuwasha moto.

Shemeji alipofariki, dada aliichukua mizinga mwenyewe. Wanawake wachache hapa kwetu wanafanya hivyo. Hakuweza kupanda miti, basi akaishusha, akaining'iniza kwa waya usawa wa kifua. Na nyuki walikaa. Nasema hivi kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba nyuki walikasirika kuachiwa mwanamke. Si kweli. Walikaa naye miaka na miaka, na asali ilitoka.

Kilichofuata nimekiona kwa macho, sikusimuliwa. Mwezi wa kumi ukawa hauna wingu. Maua ya mitundu, ile miti ya miombo ambayo nyuki huitegemea, yakaanguka machanga. Ndani ya magogo yale yaliyozibwa vizuri dhidi ya baridi, masega yakalegea, yakakatika, na makundi yakahama moja baada ya jingine. Redio inasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mimi elimu yangu haifiki huko, na sitaki kulisingizia jua peke yake. Miombo tumeikata, na mimi nimo, kwa sababu mbao nazinunua. Dawa za kunyunyizia mashambani nazo zimezidi. Lakini masega yaliyoyeyuka niliyashika kwa mkono wangu, na mzee mmoja hapo kijijini aliniambia hajawahi kuona hivyo toka azaliwe, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Likabaki kundi moja, kwenye gogo lililokuwa karibu na kijito, chini ya mtundu mkubwa.

Dada alikuja kibandani asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimepita nusu. Hakukaa.

"Wewe fundi," alisema, "unaweza kujenga nyumba isiyopata baridi mwezi wa sita wala joto mwezi wa kumi?"

"Ya mtu?"

"Ya mtu ungeshindwa. Nimelala kwenye nyumba uliyopiga dari, naijua. Nasema ya nyuki."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Hao ndio waliobaki wa shemeji yako. Nikiwaacha kwenye gogo, mwezi wa kumi wataondoka. Nikiwapeleka kwako sijui. Lakini sijui ni afadhali kuliko najua."

Maneno hayo niliyaandika siku ileile, na nikiyasoma sasa naona uzito ambao siku ile sikuuona. Siku ile niliona sifa. Nilijiona nimeaminiwa.

Alinipeleka ofisi ya kata, ambako afisa nyuki alikuwa anakuja kufundisha vikundi. Watu walimwita bwana nyuki ingawa ni mwanamke, tena kijana, na yeye aliitika bila tatizo. Kwao ni Mbeya. Alinisalimia, "Shikamoo fundi," akachora kwenye karatasi sanduku ndani ya sanduku. Kuta mbili, alieleza, na katikati yake nafasi ya vidole vinne. Kuta za aina hiyo huchelewesha baridi kuingia, na joto huchelewesha vilevile.

"Hiyo nafasi niiache tupu?" nikauliza.

Hapa ndipo penye shida. Jibu lake kwenye daftari langu liko hivi: *Jaza majani, shindilia, funika vizuri.* Basi. Hakuna neno "makavu". Nimelitafuta neno hilo kwenye ukurasa ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Huenda alilisema na mimi sikuliandika. Huenda hakulisema kwa kuwa aliona linaeleweka lenyewe.

Kwangu mimi lilieleweka jingine. Mfipa ukimwambia majani, shindilia, funika, anaona kitu kimoja tu: intumba. Ni yale matuta yetu ya mviringo. Mwezi wa pili na wa tatu, nyasi zikiwa ndefu na mbichi, unazipindua na udongo wake, unazifunika, na juu yake unapanda maharage. Ndani yake majani yanaiva taratibu, na msimu unaofuata unalitawanya tuta na kupanda ulezi. Tuta ni chungu cha shamba. Tulipokuwa wadogo, asubuhi za baridi, tulichimba tuta bichi na kuingiza miguu ndani ili ipate moto, na mama akatukimbiza kwa mpini wa jembe.

Kwa hiyo niliposikia majani, nilikumbuka ile miguu. Nikawaza: nyuki watalala mwezi wa sita kama sisi tulivyolala, wameegemea tuta. Niliona afisa amenipa nusu ya akili na nusu nyingine naitoa nyumbani kwetu. Nilifurahi sana na jambo hilo. Nilimweleza mke wangu, nikamweleza mteja aliyekuja kuchukua meza, ambaye hakuniuliza.

Niliujenga mzinga kwa mbao za msindano, nikazipiga randa hadi maji yangeteleza. Nikaubeba hadi kwa dada. Siku ile walikuwa wanalima matuta kwenye shamba lake, nyasi zimesimama hadi kiunoni, na mimi nikakata kutoka pembeni mwa shamba lilelile. Nikazikatakata, nikazishindilia katikati ya kuta kwa mpini wa nyundo, safu ya nyasi, safu ya samadi mbichi, hadi juu. Nikafunika kwa udongo na kupigilia mfuniko.

Dada alikuja na jembe begani, akasimama mbele ya mzinga.

"Umekaa kama jeneza," alisema. "Umezoea kupima watu waliolala."

"Subiri uone."

Akaingiza kidole kwenye ufa wa pembeni, akanusa. "Mdogo wangu, haya si yatapika?"

"Yatapasha tu. Mwezi wa sita utanishukuru."

"Na wa kumi?"

"Wa kumi yatakuwa yameoza, yamekuwa udongo. Udongo ni baridi. Ndani ya nyumba ya udongo si unapata ubaridi?"

Nilikuwa na jibu la kila kitu. Yeye amelima matuta miaka mingi kuliko mimi, maana mimi toka nishike randa jembe nalishika kwa kuhesabu siku. Alijua kwa kidole. Lakini alinitazama, akatazama ile kazi ya randa, akanyamaza. Kama ningeifanya vibaya kwa macho, nadhani angekataa. Uzuri wake ndio uliomnyamazisha. Hapo pia sina hakika. Sijawahi kumuuliza.

Tulihamisha nyuki jioni, jua likiwa limeshalala. Mimi nilishika bomba la moshi. Dada alilifungua gogo, akakata sega moja moja kwa kisu, akalifunga kwa uzi wa katani kwenye vijiti vya mzinga mpya, bila haraka, kama mtu anayefunga mtoto mgongoni. Alikuwa anaongea nao muda wote kwa Kifipa. Aliwaambia twendeni, twendeni, baba yenu hayupo, mjomba wenu amewajengea. Mjomba ndiye mimi. Nyuki walinichoma mara nne na sikusikia.

Wiki ya kwanza walifanya kazi. Niliwaona wakiingia na chavua miguuni, ya njano na ya kijivu. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, nilikuta wametoka nje na kuning'inia chini ya mlango, wameshikana, kundi zima kama ndevu. Nikapiga makofi.

"Dada, wamezaliana! Nyumba imejaa!"

"Imejaa ndani ya wiki mbili?"

"Wamepata raha."

"Mimi naona wanatoka kupunga hewa," akasema. "Tufungue."

Nilikuwa na madawati ya shule ya kumaliza, na mwalimu mkuu alikuwa ananingoja. Nikasema tusubiri Jumapili baada ya misa, tutafungua kwa utulivu. Akasema sawa. Angeweza kufungua mwenyewe, nyuki ni wake na ujuzi ni wake. Lakini mzinga ulikuwa wangu, na yeye ni mtu anayeheshimu kazi ya mtu. Kutoka Alhamisi hadi Jumapili ni siku tatu. Hizo siku tatu ni zangu, simgawii mtu.

Jumapili tulikwenda moja kwa moja kutoka kanisani. Harufu tuliipata kabla hatujaufikia mti, harufu ya pombe iliyochacha. Asali ilikuwa inatoka mlangoni na kushuka chini polepole, na sisimizi walikuwa wameshachora njia yao. Nilifungua mfuniko. Masega yote yalikuwa yameanguka, moja juu ya jingine, na nyuki walikuwa ndani ya asali yao wenyewe, wengi, mabawa yamegandamana. Waliobaki hai walikuwa wameondoka. Walikokwenda hakuna aliyeona. Niliingiza mkono katikati ya zile kuta. Palikuwa pa moto kama ubavu wa chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Dada alipiga magoti na nguo zake za kanisani. Akaanza kuwatoa nyuki kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja, akiwalaza kwenye jani pana na kuangalia kama bawa linacheza.

"Lete maji," alisema.

Nilikwenda kijitoni nikaleta maji kwenye kofia yangu. Akawa anawadondoshea. Wachache walitikisika. Wengine kidogo waliruka, wakazunguka, wakarudi kutua palepale kwenye mzinga. Tulikaa hivyo hadi mchana umekatika. Malkia hatukumpata, si mzima wala mfu. Dada alipoinuka magoti yake yalikuwa na asali na udongo, na aliondoka bila kuniambia neno baya.

Neno hilo nililingoja. Nililingoja wiki nzima, mwezi mzima. Nikienda kwake ananikaribisha, ananipa uji, anauliza watoto. Mke wangu aliponiona sili vizuri akasema, "Unataka akutukane ili wewe upate usingizi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi hiyo ni shida yako, usimpelekee na hiyo."

Afisa nyuki alipopita tena, nilimfuata ofisi ya kata na kumweleza kila kitu, hadi ile samadi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mdomo.

"Mabichi, fundi? Na samadi?"

"Uliniambia majani."

"Nilisema makavu... Nadhani nilisema makavu. Sikumbuki kwa kweli. Kwetu majani ya kujazia kitu ni makavu tu, mtu hawezi kufikiria mengine."

Nikamweleza habari za intumba. Alikuwa hajui. Amekaa Ufipa miaka, amepita kando ya matuta kila msimu, na hakuna aliyewahi kumwambia ndani yake kuna nini. Akasema, "Basi tumekosea wawili." Nilishukuru, lakini sikukubali nusu kwa nusu. Yeye hakuingiza kidole. Dada aliingiza, akasema, nami nikamjibu.

Sikujenga mzinga mwingine. Mwezi wa sita ukapita na upepo wake, na kwa dada hakukuwa na mdudu wa kumlinda dhidi ya baridi. Mwezi wa nane akatokea kibandani na gunia kichwani. Akalitua mbele ya meza ya randa.

"Ingiza mkono."

Nikaingiza. Yalikuwa majani. Alikuwa ameyaanika juu ya bati la jiko toka mwanzo wa kiangazi, akiyageuza. Yalikuwa makavu hadi yanalia.

"Shika hadi chini kabisa. Kuna ubaridi? Kuna unyevu?"

"Hakuna."

"Sasa ule mzinga uko wapi?"

Ulikuwa nyuma ya kibanda, chini ya turubai, kwa sababu sikuweza kuuchoma wala kuutazama. Alitaka mbao zilezile za ndani. Alisema nyuki hawapendi nyumba inayonuka seremala, wanapenda inayonuka nta. Nikazikwangua, nikaziosha, nikazibabua kwa moto wa makaratasi. Safari hii niliuliza kabla ya kila msumari. Tukatoboa matundu madogo juu, chini ya mfuniko, ili joto lipate pa kutokea. Mlango tukauacha mpana, na kijiti cha kuupunguza siku za upepo. Juu tukaweka paa la nyasi lililoinuliwa kiganja kimoja kutoka kwenye mfuniko, hewa ipite katikati. Wazo la paa lilikuwa lake. La matundu lilikuwa la afisa. Langu ni kile kijiti. Majani alishindilia mwenyewe, na mimi nilisimama kando nimeshika gunia.

Tukauning'iniza kando ya kijito. Wiki zikapita bila kitu. Kisha nyuki wawili watatu wakawa wanakuja kuchungulia, wanaingia, wanatoka, wanaondoka. Siku moja mchana nikiwa pale peke yangu nikasikia mvumo unatoka upande wa bondeni, na kundi likashuka juu ya ule mti na kuanza kuingia. Nilikimbia hadi kwa dada. Mtu wa umri wangu hakimbii hivyo.

"Dada, wamerudi!"

Alikuwa anapepeta ulezi. Hakuuweka ungo chini.

"Nani kakuambia ni wao?"

"Wametokea upande wa bondeni..."

"Hawa ni wageni, mdogo wangu. Wale wamekufa. Wapokee hawa kama wageni, usiwabebeshe msiba wasioujua."

Ndilo neno pekee alilowahi kusema juu ya jambo lile. Alipomaliza kupepeta akaja kuwaona. Alisimama mbali kidogo, mikono ameikunja, na hakuongea nao kwa Kifipa wala kwa Kiswahili. Nilielewa kwamba nilichomvunjia hakiwezi kurekebishwa kwa mzinga. Wale walikuwa wa mume wake. Hawa walikuwa nyuki tu, na itabidi aanze nao upya.

Mwezi wa kumi uliingia bila wingu. Siku moja, saa nane mchana, jua limesimama na majani ya mtundu yamejikunja, nilikuta wametoka nje tena. Si kundi zima, ni kama ngumi mbili hivi, wameshikana chini ya mlango. Nikachukua bomba la moshi.

Dada alisimama kati yangu na mzinga.

"Unataka nini?"

"Kufungua. Niangalie masega."

"Ukifungua utapoza roho yako, hutapoza mzinga. Utawavunjia hewa yao waliyoitengeneza."

"Na kama yanaanguka?"

"Weka mkono ukutani."

Nikaweka. Ukuta wa nje ulichoma, jua lilikuwa limeupiga toka asubuhi. Akanionyesha nipitishe vidole kwenye matundu ya juu. Hewa iliyotoka ilikuwa na joto, lakini joto la pumzi, si la chungu. Nilitaka kusema ni salama na sikuweza. Nilitaka kusema si salama na sikuweza pia.

"Kaa," akasema.

Tukakaa kivulini, yeye anachambua maharage kwenye kanga, mimi natazama ule mlango. Mnamo saa kumi wingu lilipanda kutoka bondeni na kulifunika jua, na jioni nyuki wote wakawa wameingia ndani wenyewe. Siwezi kusema ni mzinga uliowaokoa. Huenda ni wingu. Nimeandika yote mawili.

"Kesho njoo tena ukae," dada alisema, akikusanya maharage.

Nimekuwa nikienda kila saa nane, kibanda nakifunga. Chavua inaingia. Siku ya tano nilimsikia dada, akiwa anadhani sijafika, amesogea karibu na mlango na kuwaambia kitu kwa sauti ya chini. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikangoja hadi amalize. Masega ya ndani sijayaona bado, na hajanipa ruhusa.